Nani kamuua Cora? Kesi iliyotugawa saluni Kirumba

Kifo cha Cora kwenye Once Upon a Time hakichukui muda mrefu kwenye tivii, ila ukiwa umekaa na watu wanaoipenda hii tamthilia ujue hapo hamtoki leo, kila mtu anageuka hakimu. Naandika kwa sababu naona wengi wanaichambua hii kesi kinyumenyume, yaani wanachagua timu kwanza, timu Snow au timu Regina, halafu ndo wanatafuta hoja za kuitetea timu. Mimi naona ukiifuata hatua kwa hatua unakuta kuna kosa moja pale ambalo hata sisi tunaompenda Snow lazima tulikubali, na kuna kosa lingine amebebeshwa tangu yuko mtoto ambalo sio lake hata kidogo.

Kwa ambaye hajaiangalia nitoe picha kidogo. Ilianza kuonyeshwa Marekani kwenye ABC tarehe 23 Oktoba 2011, ikaenda sizoni 7 mpaka Mei 2018, jumla episodi 155. Wazo lake ni kwamba watu wa hadithi za kale, Snow White, Malkia Mbaya, Rumplestiltskin na wengine kibao, wamepigwa laana wakatupwa kwenye kamji kanaitwa Storybrooke huko Maine na hawakumbuki wao ni akina nani. Snow anaitwa Mary Margaret, mwalimu wa shule. Malkia anaitwa Regina, ndo meya. Rumplestiltskin ndo Mr. Gold, mzee mwenye duka la kuweka vitu rehani ambaye mji mzima unamwogopa. Kufika sizoni ya pili laana imeshavunjika, kila mtu kakumbuka nani alimfanyia nini, sa hapo ndo madeni ya zamani yanaanza kudaiwa. Cora ni mama mzazi wa Regina. Amecheza Barbara Hershey na yule mama akitabasamu mwili unasisimka, kwa sababu unajua kuna mtu ataumia.

Sasa kisa. Ni episodi ya 16 ya sizoni ya pili, ilitoka Machi 2013. Cora amepata jambia la Gold, lile lenye jina lake limechongwa, ukilishika unamtawala na ukimchoma nalo anakufa halafu nguvu zake zote za giza zinahamia kwako. Gold mwenyewe amelala dukani kwake anakufa kwa sumu ya Hook, yule haramia. Emma, mtoto wa Snow, yuko humohumo dukani na wenzake wanajaribu kuzuia mlango kwa uchawi wasioujua vizuri. Cora na Regina wanakuja. Kwa maneno mengine kama Cora akiingia pale, sio Gold peke yake aliyekwisha.

Snow anao mshumaa. Huu mshumaa unaokoa roho moja kwa kuchukua nyingine, unaushika juu ya moyo wa unayetaka afe, unataja jina lake, na yule uliyemkusudia anapona. Na huo mshumaa sio wa leo. Alipewa akiwa mtoto, mama yake Malkia Eva yuko kitandani anakata roho, na aliyempa ni Cora aliyejibadilisha akajifanya ni malaika wa buluu, na aliyemwekea Eva sumu ni Cora huyohuyo. Mtoto yule alikataa. Alimwacha mama yake afe kuliko kuua mtu mwingine asiye na kosa. Sasa miaka imepita, Gold kitandani anamwambia Snow autumie kwa Cora, Snow anaondoka kimyakimya mpaka kwenye kaburi la familia ya Regina kule chini ambako Cora ameficha moyo wake kwenye sanduku (maana Cora alijing'oa moyo mwenyewe zamani, akiwa binti, ili mapenzi yasimharibie safari yake ya umalkia), anautolea laana, na Regina anamkuta palepale na sanduku mkononi.

Hapa ndo kila kitu kinatokea. Snow hakimbii, hapigani. Anamwambia Regina kwamba mama yako hawezi kukupenda kwa sababu hana moyo, urudishe, utapata mama anayekupenda. Regina anauchukua. Anakwenda dukani, anamkuta Cora ameinama juu ya Gold na jambia, anamsukumia moyo kifuani kwa nyuma. Cora anageuka, anamwangalia mwanae, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue anatabasamu tabasamu la mama. Halafu anaanguka. Anamwambia Regina wewe ungenitosha. Anakufa. Gold anainuka mzima. Na Snow anaingia mbio akipiga kelele Regina usifanye, kashachelewa.

Sisi tuliiangalia kwenye saluni moja Kirumba, hapa Mwanza, karibu na mwaloni, lile soko la samaki, pale dada mwenye saluni huwa anachomeka flashi kwenye tivii Jumapili mchana watu wakiwa wanasukwa. Ilipofika hiyo sehemu dada alikuwa na kipande cha rasta amekibana kwa meno, mkono mmoja umeshika nywele za mteja, akaacha. Akachukua rimoti akasimamisha palepale kwenye uso wa Cora. Mteja upande mmoja wa kichwa umesukwa twende kilioni upande mwingine nywele zimesimama zote, na yeye ndo alikuwa wa kwanza kusema, "huyu Snow ni muuaji, tena mbaya kuliko Cora." Basi ikaanza.

Niwataje waliokuwepo kwa nafasi zao tu. Dada wa saluni, timu Regina damu damu. Mteja wake. Kaka mmoja anasoma sheria pale chuo cha SAUT, Malimbe, alikuja kumsubiri mchumba wake akajikuta kwenye kesi. Na mama mmoja mtu mzima anayefanya biashara ya dagaa pale mwaloni, mwenyeji wa Magu, tunamwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, huwa anapita kupumzika kabla ya kwenda kuwageuza dagaa wake juani, na yeye haangalii tamthilia kama sisi, anaangalia kama anasikiliza shauri la familia.

Dada alianza mbali kabisa. Alisema msitake kumhukumu mtu kwa siku moja, Snow alianza kumwaga damu ya wenzake tangu mtoto, kumbukeni Daniel. Daniel ni yule kijana wa zizi la farasi aliyekuwa mpenzi wa Regina kabla Regina hajawa malkia, ipo sizoni ya kwanza episodi ya 18. Regina alimwokoa Snow mdogo juu ya farasi aliyeshikwa na kichaa, baba yake Snow, Mfalme Leopold, akamposa palepale, Cora akajibu ndiyo bila hata kumuuliza binti yake. Snow akamkuta Regina na Daniel wanabusiana, Regina akamwomba asimwambie mama yake, mtoto akaahidi, na baadaye akamwambia. Cora akamng'oa Daniel moyo na kuusaga mkononi Regina akiangalia. Dada anasema kila kitu kibaya alichofanya Regina baada ya hapo kimetoka kwenye mdomo wa Snow.

Hapa sikubaliani naye na sitakubali. Angalia Cora alivyomtoa yule mtoto siri. Hakumtisha. Alikaa naye chini akamweleza kwa huzuni kwamba anahisi anampoteza binti yake, kwamba anatamani tu Regina awe na furaha, na anamwambia hayo mtoto ambaye amezika mama yake mzazi juzijuzi. Snow akasema kwa sababu hakutaka Regina apoteze mama kama alivyopoteza yeye. Ndo nia yake yote. Hakuna wivu pale, hakuna uchoyo, hakuna hata ule umbea wa kitoto. Ni huruma ya mtoto imekamatwa na mtu mzima anayejua kuitumia.

Yule kaka wa sheria akaongezea kwamba hata tukiipeleka mahakamani, Kanuni ya Adhabu yetu, Sura ya 16, kifungu cha 15 inasema mtoto chini ya miaka 10 hawezi kuwajibika kwa jinai kabisa, na chini ya 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hakupaswa kufanya kile alichofanya. Halafu akasema, na kutoa siri hata kwa mtu mzima sio kosa la kuua, aliyeua ni aliyekunja ngumi. Dada akamjibu, "kaka sheria yako haikumwona Regina analia juu ya ile maiti." Ni kweli haikumwona. Lakini Regina mwenyewe alikuwa amesimama pale akaona mkono wa nani umeingia kifuani kwa Daniel. Na bado kisasi chake chote akakielekeza kwa mtoto. Mi naamini sababu yake ni moja tu, kumchukia mama yake kulikuwa kumemshinda. Mama ndo alikuwa wa mwisho aliyebaki ambaye angeweza kumpenda, ukimhesabu kuwa adui umebaki huna mtu, kwa hiyo hatia ikahitaji kichwa kingine cha kuikalia na cha Snow kilikuwa karibu. Ukishaelewa hilo, unaelewa kwa nini miaka yote hiyo Snow amebeba deni ambalo hakukopa. Na unaelewa pia, hii niishike kwanza, Snow alimjua Regina kwa udhaifu gani.

Turudi kwenye mshumaa. Mteja aliyesema Snow ni muuaji alikuwa na hoja nzuri kuliko alivyoisema. Alisema Snow alikuwa na hasira ya Johanna. Johanna ni yule mama mtumishi aliyemlea Snow, Cora alimrusha dirishani kutoka mnara wa saa episodi iliyotangulia, tena baada ya Snow kukubali kutoa jambia ili asiuawe. Regina alikuwepo pale. Kwa hiyo mtu anaweza kusema Snow alighadhibishwa, na yule kaka akasema sawa, sheria inalijua hilo, mtu akiua katika hasira ya ghafla kabla hasira haijapoa linaweza kushuka kutoka kuua kwa kukusudia likawa kuua bila kukusudia. Ila hapa hasira ilishapata muda. Johanna alishazikwa. Snow alisimama kaburini akasema atamuua Cora. Baada ya hapo akaenda dukani, akazungumza na Gold, akachukua mshumaa, akatembea mpaka kule chini. Hiyo sio ghafla, huo ni mpango.

Ila sasa mpango sio lazima uwe uovu, na hapa ndo wengi wa timu Regina wanaruka. Cora alikuwa njiani kuchukua nguvu ambazo zingemfanya asizuilike tena na mtu yeyote, mtoto wa Snow yuko ndani ya lile duka, na huyu Cora tulishamwona anavyotunza ahadi zake, Johanna ndo ushahidi. Mtu kumlinda mwanae na kumlinda mwenzake ni haki, sheria yetu inaitambua na mila zetu zinaitambua. Kama Snow angempiga Cora mshale mlangoni pale hakuna hata mmoja saluni angefungua mdomo. Hata dada. Nilimuuliza akakiri, akasema "hapo ningenyamaza." Kwa hiyo tatizo letu sote, hata kama hatukulisema hivyo, halikuwa kwamba Cora kafa. Tatizo ni namna.

Maana ule mshumaa unataka moyo urudi kifuani. Snow asingeweza kumsogelea Cora mwenyewe, angeuawa kabla hajafika. Alihitaji mkono ambao Cora hauogopi, na mkono huo duniani ulikuwa mmoja tu.

Mayu alikuwa kimya muda wote huo anakunja kanga yake magotini. Akauliza swali ambalo lilinifanya niamue kuandika. Akasema, "mwanangu, yule binti alijua anabeba nini?" Tukamwambia hapana mayu, hakujua. "Aliambiwa ni dawa?" Ndiyo, aliambiwa mama yake atampenda. Akasema, "basi hao wawili wamefanyiwa kitu kimoja."

Sikumwelewa mara moja ila ndo penyewe. Cora alimwendea mtoto asiye na mama akamwambia maneno ya mama na binti, akapata alichotaka, mtu akafa kwa moyo. Miaka baadaye Snow anamwendea Regina, binti ambaye amekaa maisha yake yote anasubiri mama yake ampende, anamwambia maneno yaleyale ya mama na binti, anapata anachotaka, mtu anakufa kwa moyo. Ni mtego uleule. Snow ameujifunza kwa kufanyiwa. Kati ya silaha zote alizokuwa nazo alichagua ile iliyomuumiza yeye akiwa mdogo, na aliitumia kwa mtu pekee ambaye alijua itaingia mpaka ndani, kwa sababu, kama nilivyosema, hakuna aliyemjua Regina kama yeye.

Na hapo utaona tofauti ya nia inavyofanya kazi. Maneno ya Snow mtoto na maneno ya Snow mtu mzima yanakaribiana sana, zote mbili anaongea kuhusu Regina na mama yake. La kwanza lilikuwa kweli na limetoka kwenye huruma, matokeo yake yakawa kifo, na mimi simpi hatia hata tone. La pili lilikuwa na ukweli ndani yake (maana kweli Cora alimpenda Regina moyo ulivyorudi, tumeona wote) ila lilisemwa ili kuua, na hatia yote ipo. Watu wanaosema "lakini hakudanganya, Cora si alimpenda kweli" wananichosha jamani. Ukimpa mtu chakula kitamu kweli chenye sumu, utamu wake haukutoi kwenye kesi.

Yule kaka aliposikia hilo la mayu akachangamka, akasema kwenye Kanuni ya Adhabu kuna kifungu cha 22, kinahusu nani anahesabika kuwa mkosaji, na ndani yake kuna habari ya mtu anayemfanya mwingine atende kitu ambacho angekitenda mwenyewe kingekuwa kosa, huyo anahesabiwa kama ametenda kwa mkono wake. Kwa hiyo Regina kwenye kifo hiki ni mkono tu. Aliyeua ni Snow. Dada akapiga makofi na chanuo mkononi.

Lakini tusimsafishe Regina kupita kiasi, na hili nalisema kwa timu Regina nzima kuanzia Mabatini mpaka Nyegezi. Kutokuwa na hatia kwenye kesi moja hakufuti zingine. Regina alimuua baba yake mwenyewe aliyempenda ili apate kupiga laana. Alimponda moyo Graham, yule askari, kwa sababu tu aliacha kumtii na akaanza kukumbuka. Aliua kijiji kwa sababu kilimficha Snow. Na usiku ule alikuwa anaandamana na mama yake kwenda kumuua mtu aliyelala kitandani. Alionewa na Snow, ndiyo, ni mwonevu yeye mwenyewe, ndiyo. Yote mawili yanakaa kwa mtu mmoja na hii tamthilia nzuri yake iko hapohapo, haikuruhusu uhesabu upande mmoja tu wa daftari. Lana Parrilla anavyomcheza Regina ile dakika Cora yuko mikononi mwake, uso unahama kutoka furaha kwenda kutoelewa kwenda kujua, bila neno, mimi nikiangalia pale nasahau kabisa kile kijiji, na ndo maana inabidi nijikumbushe.

Kuna hoja nyingine nilikuwa naiogopa na nilijua itakuja, na ilikuja kutoka kwa yule mteja. Alisema, sasa jamani Cora si mchawi tu, mchawi akifa kuna kesi gani. Alisema kawaida tu wala hakuwa na ubaya. Mayu akamgeukia taratibu. Akamwambia, "hilo neno usiliseme hivyo, mwanangu. Huku kwetu limemaliza wazee."

Mtu wa Mwanza au Shinyanga hahitaji maelezo mengi. Miaka na miaka Usukumani vikongwe wamekatwa mapanga usiku kwa sababu macho yao mekundu, na yale macho ni moshi, mtu amepika maisha yake yote kwenye jiko la kuni na kinyesi cha ng'ombe kwenye nyumba isiyo na dirisha. Sungusungu, wale walinzi wa jadi wa vijijini, walianza miaka ya mwanzo ya 1980 kwa ajili ya wezi wa ng'ombe, na haikuchukua muda kuna sehemu wakaanza kuwageukia watu wanaosemwa ni wachawi. Mara nyingi nyuma yake kulikuwa na shamba, urithi, ndugu anayetaka kitu. Mayu alisema kinachomsumbua sio Cora, Cora tumemwona kwa macho yetu anaweka sumu, anang'oa mioyo, hakuna anayemsingizia. Kinachomsumbua ni kwamba mtu akishapewa lile jina, watu wanaacha kuuliza kilichofuata. Nani alimuua, kwa njia gani, nani alitumika, nani alibaki analia. Yote yanafunikwa na neno moja.

Na mimi naona ndo kilichowapata mashabiki wengi wa Snow. Hawajamtetea kwa hoja. Wamemsamehe kwa sababu ya nani aliyekufa. Ondoa Cora weka mama mwingine yeyote pale, uone kama bado utasema Snow hana kosa kumtumia binti amuue mama yake bila kujua.

Kinachonifanya nibaki nampenda Snow pamoja na haya yote ni kwamba yeye mwenyewe hakujitetea hivyo. Alirudi mbio kuzuia, ingawa alichelewa. Na episodi inayofuata hakusema Cora alistahili, wala hakusema nilikuwa namlinda mwanangu, japo alikuwa na haki ya kulisema hilo. Alilala kitandani ameshindwa kuamka, halafu akaenda mlangoni kwa Regina akamwomba amuue. Regina akauingiza mkono akautoa moyo wake akamwonyesha, una doa jeusi. Akamwambia doa likishaanza haliachi kukua, na akaurudisha palepale kifuani. Dada anaisoma hiyo kama ushindi wa Regina. Yule kaka anaisoma kama hukumu ya kifungo cha nje. Mimi naiona kama mara ya kwanza kabisa Regina amemshtaki Snow kwa kosa ambalo Snow kweli kalifanya. Miaka yote ile alimfukuza kwa Daniel na hakuwa sahihi, na siku amepata kesi ya haki mkononi akaona hana haja ya kuua.

Kilichobaki hatujaelewana ni Gold. Yule kaka anasema kifungu kilekile cha 22 kinamgusa anayeshawishi pia, kwa hiyo Gold na Snow ni washtakiwa wawili kwenye karatasi moja. Mayu hataki, anasema mtu anayekata roho atasema chochote ili aishi, utamfunga kwa kuogopa kufa? Mteja akasema Gold hakumshika Snow mkono. Mimi hapa niko na yule kaka, tena zaidi yake. Gold hakumwambia Snow niokoe. Angesema hivyo ningekuwa na mayu. Yeye alimpigia palepale penye kidonda, mama yako, Johanna, mwanao, na alijua fika ule mshumaa utapita mikononi mwa nani. Na tukumbuke Gold ndo aliyemfundisha Regina uchawi, ndo aliyemtaka awe mbaya kwa sababu alihitaji mtu wa kupiga ile laana ili yeye afike alipo mwanae Baelfire. Na kwenye biashara ya Daniel pia mkono wake upo, kwenye sizoni ya pili episodi ya 5 alipanga na daktari mmoja ile tiba ya kumfufua ishindwe makusudi ili Regina akate tamaa kabisa arudi kwake kujifunza giza. Yaani kwenye vifo viwili vilivyomvunja Regina, Daniel na mama yake, Snow ametumika kwenye cha kwanza na amekosa kwenye cha pili, Cora ameua kwenye cha kwanza na amekufa kwenye cha pili, na mtu aliyetoka na faida kwenye vyote viwili ni mmoja. Alikuwa anakufa, sawa. Ila alikuwa anakufa huku anapiga hesabu.

Dada alishabonyeza rimoti hapo, mteja alikuwa na safari ya kuvuka ziwa na kivuko cha Kamanga jioni na upande mmoja wa kichwa bado. Mayu akajifunga kanga akaenda kwa dagaa wake, ameshikilia msimamo wake kuhusu Gold na sijambadilisha. Jumapili ijayo tunaingia kesi ya Graham, na yule kaka kaahidi atakuja hata kama mchumba wake hasuki.